Kompyuta ya Marehemu na Amana za Watu

Mwanzoni mwa Mfunguo Mosi ami yangu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hata siku tatu za matanga hazijaisha watu walianza kuuliza. Hawakuja kudai. Walikuja kutoa pole, wakanywa kahawa, wakamwombea dua, kisha kabla ya kuvaa viatu mmoja akanivuta pembeni barazani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, marehemu alikuwa na kitu changu kidogo. Bila shaka amekiandika." Wa pili alisema maneno hayo hayo. Wa tatu alikuwa bibi mmoja wa Kibokoni ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akimpelekea ami akiba yake ya safari ya Hija, shilingi chache kila alipopata. Ami alikuwa akiuza leso kwa jumla mjini Mombasa, na kwa kuwa alijulikana kwa uaminifu, watu walimgeuza mweka hazina wao bila ya yeye kuomba.

Ni kweli aliandika. Zamani aliandika katika madaftari ya jalada gumu, lakini miaka minane iliyopita binti yake alimfundisha kutumia Excel, na tangu hapo madaftari yakasahauliwa juu ya kabati. Nani anamdai, nani anadaiwa, nani ameweka amana na kiasi gani: yote yalikuwa katika kompyuta moja ya mkononi. Nasi tulipobonyeza kitufe chake, taa iliwaka, feni ikavuma, kiwambo cheusi kikaonyesha mstari mmoja wa maneno meupe kwamba mashine haioni kifaa cha kuanzia, kisha pakawa kimya.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaujua mpango wa mirathi. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi thuluthi, na mwisho ndipo warithi wanapopata fungu lao. Deni lisilojulikana halilipiki, na warithi wenye kumcha Mungu hawagawi mali huku wakijua kwamba ndani yake mna fedha za watu. Ndiyo maana nyumba nzima ilikosa usingizi kwa ajili ya kitu kisichozidi ukubwa wa kiganja.

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Asubuhi ya siku ya tano niliichukua kompyuta nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Kijana mwenye adabu. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema Windows imekufa, atapiga nyingine, na baada ya Asri nitaikuta kama mpya. Nikamuuliza, "Na vilivyomo ndani?" Akajibu kwamba vingine huenda vikabaki. Nikakubali, nikatoka. Nilikuwa bado kwenye ngazi niliponipigia simu dada yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye ni msomeshaji wa kompyuta chuoni. Nikamweleza kwa furaha kwamba shughuli imekwisha.

"Umemwachia?" aliniuliza. "Rudi sasa hivi, kaka. Mwambie asiiguse."

Nikapanda ngazi mbio. Flashi ya kupigia Windows ilikuwa tayari imechomekwa ubavuni mwa kompyuta, lakini fundi alikuwa amekwenda kusali Adhuhuri. Sala yake ndiyo iliyotuokoa. Nilingoja akarudi, nikamshukuru, nikalipa kwa kumpotezea muda, nikaondoka na mashine kwapani.

Sitaki kumlaumu kijana yule. Nilimpelekea kompyuta nikamwambia haiwaki, naye akasikia kwamba nataka iwake. Kutengeneza kompyuta na kuokoa vilivyomo ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi kazi ya kwanza huiangamiza ya pili. Windows inapopigwa upya, huandika mafaili yake, zaidi ya gigabaiti 20, juu ya diski ile ile iliyobeba hesabu na picha zako. Katika diski ya aina ya zamani, kufuta au kufomati kwa haraka huondoa faharasa tu, na maandishi yenyewe hubaki mahali pake mpaka yaandikwe mengine juu yake. Yakishaandikwa mengine, yale ya kwanza hayarudi, hata ukimleta fundi wa nchi gani. Mteja asipotamka waziwazi, "Sijali kompyuta, nataka vilivyomo," fundi atafanya analolifanya kila siku.

Dada yangu alifika nyumbani baada ya Magharibi. Kabla ya kuigusa kompyuta aliingia ndani kwa mjane, ambaye alikuwa katika eda.

"Shikamoo, bi mkubwa. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa."

"Nimekuja kwa ile kompyuta ya marehemu. Naomba ruhusa yako. Huenda ndani yake mna mambo ya nyumba yako. Nitafute nini, na nisiguse nini?"

Mke wa ami alifikiri kidogo. "Hesabu za watu zitafute. Picha zetu ziache kama zilivyo."

Kisha akaulizwa maradhi yalianza lini, kama tabibu amwulizavyo mgonjwa. Akasema kwamba tangu Ramadhani kompyuta ilikuwa nzito, unaweza kuchemsha chai mpaka ikawa tayari nayo bado inafunguka, na mara nyingine usiku ilikuwa ikitoa sauti, ta, ta, ta, kama mjusi ukutani. Ami alidhani ni mjusi kweli. Dada yangu aliposikia hivyo aliiweka kompyuta mezani, akachomoa chaja, akasema hataibonyeza tena.

Nimemwomba anieleze taratibu yake kwa ajili ya wasomaji, kwa sababu si kila kompyuta isiyowaka ina mjusi ndani, na nyingi hali zao ni nyepesi kuliko ya ami.

Kompyuta isiyotoa taa wala sauti yoyote kwa kawaida ina ugonjwa wa umeme. Chaja imekufa, tundu lake limelegea, betri imekwisha, au bodi kuu imeungua umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Jaribu chaja nyingine ya volti zile zile. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha rudisha chaja ujaribu tena. Ikishindikana, jua kwamba mara nyingi diski huwa haijaguswa na ugonjwa huo. Inaweza kutolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine.

Ikiwa taa inawaka na feni inavuma lakini kiwambo ni cheusi, huenda kompyuta imewaka vizuri nawe huioni tu. Iunganishe na televisheni ya sebuleni kwa kebo ya HDMI. Picha ikitokea huko, nakili mafaili yako papo hapo. Isipotokea, shaka huelekea kwenye kipande cha kumbukumbu, yaani RAM. Katika miji yetu hewa ya bahari yenye chumvi hula meno ya shaba ya kipande hicho taratibu, na mafundi wengi wa hapa hukitoa, wakakisugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, wakakirudisha, na mashine ikafufuka. Nimewahi kuona ikifanyika mbele yangu na nikadhani ni kiinimacho.

Hali ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi: nembo ya Windows hutokea, viduara vikazunguka, kisha mashine ikajizima na kuanza tena, au ikaleta ukurasa wa buluu wa kujirekebisha. Hapa diski mara nyingi ni nzima na kilichoharibika ni mfumo. Katika ukurasa huo mna chaguo la kurudisha kompyuta katika hali yake ya kwanza. Liepuke mpaka uwe umeokoa vyako, hata kama limeandikwa kwamba mafaili yatahifadhiwa. Badala yake, katika machaguo ya ndani kuna dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika humo neno notepad, na daftari dogo la Windows litafunguka. Kwa kubonyeza mahali pa kufungulia faili, na kuchagua kuonyesha faili za kila aina, utaziona folda zako zote, na unaweza kunakili faili ukaibandika kwenye flashi. Ni njia nyembamba, lakini imewaokoa wengi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Njia pana zaidi ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine kabisa, ulio juu ya flashi. Mifumo ya Linux kama Ubuntu hutolewa bure. Katika kompyuta nyingine huandikwa juu ya flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu kama Rufus, na kila kilichokuwamo katika flashi hiyo hufutika, kwa hiyo usichukue ile yenye masomo ya watoto. Kompyuta mbovu huwashwa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagulia mahali pa kuanzia, ambacho katika mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Ubuntu itakuuliza kama unataka kuijaribu au kuisakinisha. Jaribu tu. Itawaka ikiwa juu ya flashi bila kuandika kitu kwenye diski yako, utaziona folda zako, nawe utazihamishia kwenye flashi ya pili au diski ya nje. Pengine mfumo utakwambia kwamba diski ya Windows inafunguka kwa kusomwa tu. Hilo si tatizo, kwa maana kusoma ndiko unakokutaka.

Hali ya nne ndiyo iliyokuwa yetu. Mashine haioni diski, au mara inaiona mara haiioni, na kuna sauti.

Ndani ya diski ya aina ya zamani mna sahani zinazozunguka, katika kompyuta ya mkononi kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea bila kugusa, kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sauti ile ya mjusi ni kichwa kinachokwenda kutafuta mahali pake, kikakosa, kikarudi, kikaenda tena. Kila dakika ambayo diski ya namna hiyo imewashwa inaweza kuwa ya mwisho wake, na kila programu ya kurekebisha, ikiwemo ile ya Windows yenyewe iitwayo chkdsk, huilazimisha diski kufanya kazi nyingi na kuandikwa juu yake wakati ambapo haina nguvu hata ya kusomwa.

Kuna na dawa za mitaani. Ya kuipiga diski kofi haihitaji maelezo. Ya kuitia diski katika friji ya barafu imeenea sana, nayo katika hewa yetu nzito ya pwani ni hatari maradufu, kwani kitu cha baridi kikitolewa nje hapa Mombasa hutoka jasho papo hapo, na maji hayo huingia panapostahili kuwa pakavu. Wala diski haifunguliwi mezani ili "kutazama kuna nini". Huko ndani hata chembe ya vumbi ni jabali, na maabara zinazofungua diski hufanya hivyo katika vyumba vilivyochujwa hewa. Kama sahani za diski ya ami zingekuwa zimekwisha kukwaruzwa, njia pekee iliyosalia ingekuwa maabara ya namna hiyo, kwa gharama kubwa na bila ahadi.

Dada yangu aliifungua kompyuta kwa bisibisi ndogo, akalegeza skrubu za kifuniko cha chini, akaitoa diski ya inchi mbili na nusu. Alikuwa amekuja na kebo ambayo upande mmoja huingia kwenye diski na upande wa pili ni USB. Kebo hizo zinapatikana katika maduka ya vifaa vya kompyuta mjini, na kwa maoni yangu kila nyumba yenye kompyuta mbili inastahili kuwa na moja. Aliiunganisha na kompyuta yake yenye Linux. Alinieleza kwamba angetumia Windows, huenda ingetoa ujumbe wa kuuliza kama diski ifomatiwe ili itumike. Wengi wakiona ujumbe huo hubonyeza ndiyo kwa kuwa unaonekana kama msaada. Jibu lake daima ni hapana.

Hakuitafuta faili ya hesabu. Hilo lilinishangaza, nikamwambia tuichukue hiyo tu kabla diski haijafa. Akanitaka nisubiri. Alisema diski mgonjwa haipekuliwi. Hunakiliwa yote, mara moja, kisha upekuzi hufanyika juu ya nakala, ambapo ukikosea unaweza kuanza tena. Programu aliyoitumia inaitwa GNU ddrescue, imeandikwa na Antonio Díaz Díaz na hutolewa bure. Busara yake ni kwamba haikwami mahali pagumu. Ikikuta sehemu isiyosomeka huiruka, ikachukua kwanza yote yaliyo mepesi, kisha hurudi nyuma kwenye magumu na kuyachota kidogo kidogo. Kila hatua huandikwa katika faili ya kumbukumbu, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoachia.

Diski ilikuwa ya gigabaiti 500. Ingekuwa nzima, ingenakiliwa kwa saa moja na nusu hivi hadi mbili. Yetu ilianza baada ya Isha, na mzunguko wa kwanza ulimalizika kesho yake karibu na Adhuhuri. Tuliizungushia pangaboi kuipoza. Watoto walikatazwa kukimbia chumbani. Mara tatu ilijizima yenyewe na kutoonekana, na kila mara dada yangu aliichomoa, akaiacha ipumzike, akaanza tena. Mizunguko ya kuchota magumu iliendelea usiku wa pili na wa tatu. Asubuhi ya nne sauti ya mjusi ikawa haikomi, akaichomoa mara ya mwisho. Sehemu zilizokosekana zilikuwa chache mno zikilinganishwa na diski nzima, chini ya moja kwa mia. Nikashukuru Mungu, nikadhani tumefika.

Tulipofungua nakala, folda nyingi zilikuwapo. Picha za harusi za mabinti, za safari ya Lamu, za wajukuu, zote katika folda zake. Dada yangu alizihamisha folda hizo kwa ujumla wake kwenye diski ya nje bila kufungua hata moja, akaiandikia karatasi, akampelekea mke wa ami ndani. Lakini folda iliyoitwa Hesabu ilifunguka tupu. Ile chini ya moja kwa mia ilikuwa imeangukia, miongoni mwa mahali pengine, kwenye faharasa ya folda hiyo hiyo.

Hapo ikatumika programu nyingine, PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambaye pia ndiye mwandishi wa TestDisk inayofufua sehemu za diski zilizopotea. PhotoRec haijali faharasa. Husoma diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, kama mtu anayezijua leso kwa mapindo yake hata zikiwa zimetupwa bila mpangilio. Hasara yake ni kwamba faili hurudi bila majina. Kila moja hupewa herufi f na namba, nazo hujazwa katika folda baada ya folda.

Kwa desturi yake programu hii huleta kila kitu: picha, sauti, barua, hata vilivyofutwa miaka iliyopita ambavyo mwenyewe alidhani vimekwisha. Dada yangu aliizuia. Katika mipangilio yake alizima aina zote za faili, akawasha moja tu, ile ya zip. Nilimwambia tunatafuta Excel, si zip. Akanieleza kwamba faili za kisasa za Excel na Word kwa hakika ni vifurushi vya zip kwa ndani, na PhotoRec huzitambua kwa mlango huo. "Picha sikupewa ruhusa," akasema, "basi nisizifukue."

Nataka kulikazia jambo hili. Tunapompelekea fundi kompyuta, tunamkabidhi nyumba: picha za wake na mabinti zetu, barua, nakala za vitambulisho, vyeti vya hospitali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi ya kamishna wake inapokea malalamiko, lakini picha ikishatoka haikunjwi ikarudishwa kabatini. Inawezekana kukaa na fundi anapofanya kazi. Inawezekana kumwambia folda gani zinatakiwa na zipi aziache. Na kama kompyuta inakwenda kutengenezwa kitu kingine, kiwambo au bawaba, mwombe aitoe diski mbele yako uende nayo nyumbani. Fundi mwaminifu hataona vibaya.

PhotoRec ilileta faili mia kadhaa za aina ile. Mimi na binamu zangu wawili tuliketi usiku mbili tukizifungua moja moja. Nyingi zilikuwa bei za leso, barua za mizigo, ratiba ya darsa ya msikitini, mtihani wa shule wa mjukuu. Usiku wa pili, saa tano zikipita, binamu yangu alinyamaza, kisha akasoma jina la bibi wa Kibokoni kwa sauti. Mbele ya jina lake kulikuwa na safu ndefu ya tarehe na shilingi, miaka minne, bila mwezi uliorukwa. Majina yalikuwa 38. Ami alikuwa ameweka rangi ya kijani kwa amana, na nyekundu kwa madeni anayodaiwa yeye.

Ila faili ile ilikuwa ya mwisho wa Rajabu. Tulitafuta ya baadaye tukaikuta, lakini haikufunguka. Nusu yake ilikuwa katika zile sehemu zilizokosekana. Kwa hiyo tulikuwa na kila kitu isipokuwa Shaabani na Ramadhani, miezi miwili ambayo muuza leso hufanya biashara kubwa kuliko mwaka mzima.

Kilichosalia hakikuwa kazi ya kompyuta. Tulichukua simu ya marehemu, tukazisoma jumbe zake za M-Pesa za miezi hiyo, tukaandika kila kilichoingia na kilichotoka. Tukaenda kwa wauzaji wenzake, nao wakatufungulia vitabu vyao. Miamala mingi iliafikiana. Watu wawili walikuja wenyewe kusema kwamba wao ndio wanaodaiwa, na mmoja wao alikuwa anadaiwa zaidi ya tulivyofikiri. Palisalia dai moja la fedha taslimu, la mama mmoja aliyesema alimkabidhi ami mkononi katika kumi la mwisho la Ramadhani, bila karatasi wala shahidi. Warithi walikaa, wakashauriana na maalim, na kwa ridhaa ya wote wakamlipa kutoka katika mafungu yao wenyewe.

Kabla sijaacha, ndugu msomaji, tahadhari mbili kuhusu kompyuta mpya, kwa maana ya ami ilikuwa ya miaka minane na huenda yako si hivyo. Kompyuta za siku hizi hubeba diski za SSD, zisizo na sahani wala kichwa. Zina kasi, hazidhuriki kwa mtikisiko, lakini hazitoi sauti ya mjusi. Huweza kuwa nzima jioni na asubuhi zisionekane kabisa. Tena katika diski hizo faili ikifutwa, mfumo huijulisha diski kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe bila kungoja. Kwa hiyo PhotoRec, iliyotusaidia sisi, huko aghalabu haina cha kuokota.

Ya pili inawahusu zaidi wenye familia. Kompyuta nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa siri, kwa mfumo uitwao BitLocker au ndugu yake, mara nyingi mwenyewe akiwa hana habari. Ukiitoa diski hiyo ukaiunganisha na kompyuta nyingine, au ukaiwasha kwa Ubuntu, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na kompyuta za Apple za miaka ya karibuni nazo zimefungwa kwa namna yao, na hifadhi yake imeungwa juu ya bodi isitoke. Kama ami angekuwa amenunua kompyuta mwaka uliopita, na barua pepe yake hakuna aijuaye nenosiri lake, diski ingekuwa nzima kabisa mikononi mwetu na tusingesoma hata herufi moja. Mimi nimekwisha kuutafuta ufunguo wangu, nikauchapa, nikautia katika bahasha moja na wasia wangu. Mke wangu anajua ilipo.

Bibi wa Kibokoni alilipwa akiba yake yote katika Mfunguo Pili. Aliuliza kama orodha ilikuwa na jina lake kweli, nami nikamwonyesha karatasi tuliyoichapa. Hasomi herufi hizi, lakini aliishika kwa muda mrefu, akauliza safu ya kwanza ni ya mwaka gani.

Eda ilimalizika katika Mfunguo Tano. Diski ya zamani mke wa ami alikataa itupwe. Ipo katika mtoto wa meza pamoja na miwani ya marehemu, na haijawashwa tena. Ile ya nje yenye picha aliniomba nimfundishe kuifungua, nikamfundisha, kisha akaniambia nitoke nifunge mlango.